Mipira ya Mvuke

Kila neno lililomo humu ni kweli. Ukifika mahali ukahisi pametiwa chumvi, ujue hapo ndipo nilipopunguza, maana mambo yenyewe yalikuwa makali kuliko haya. Waulize watu wa Mesa Parda. Usimwulize Eliseo Maestas peke yake, kwa sababu mzee huyo akivua samaki wa kiganja, jioni samaki ameshakuwa wa bega. Waulize kwanza wengine wote, halafu umalizie kwake.

Siku uwanja mpya wa besiboli ulipofunguliwa, Eliseo alikaa kwenye kiti cha chuma kilichokuwa kikimchoma hadi ndani ya suruali, akautazama mpira mwingine ukipaa na kuvuka ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu karakana ya reli akakosa la kusema. Waliokaa jirani naye waligeuka kumwangalia. Walizoea kuupata kila mchezo mara mbili, kwanza kwa macho yao, kisha kwa mdomo wa Eliseo, na wengi walikuwa wanakuja kwa ajili ya ule wa pili. Lakini leo mzee alikuwa ameachama tu, karanga zimemganda mkononi.

Mrushaji aliyekuwa anatwangwa pale katikati alikuwa mkwewe, Leandro Baca, mume wa binti yake Ramona.

Leandro hakuwa na nguvu za kutisha. Alichokuwa nacho ni mpira mmoja tu wa kupinda. Kule kwenye uwanja wa zamani, bondeni kando ya mto, mpira huo ulimjia mpigaji usawa wa kifua, naye akalizungusha gongo lake kwa raha zote, halafu mpira ukadondoka ghafla kama kitu kilichokatwa kamba, akabaki amepiga hewa mbele ya mke na watoto. Kule bondeni hewa ilikuwa nzito, ina umande na harufu ya miti ya mipopla. Mipira ilikaa stoo ikanywa ule unyevu, ikawa mizito kama viazi. Timu ya Kunguru wa Mesa Parda ilikuwa imelelewa na hewa hiyo.

Uwanja mpya walikwenda kuujenga juu ya mesa, kile kilima cha kichwa bapa, kwenye tambarare ya mawe ambako hata mijusi hutembea wakitafuta maji. Hewa ya huko ni nyembamba na kavu. Mpira ukirushwa, nyuzi zake hazina cha kushika, unakwenda umenyooka kama treni. Ukipigwa, hakuna cha kuuzuia. Mchoraji wa ramani ya uwanja, bwana mmoja mpole kutoka pwani ya magharibi, aliambiwa habari hizo, akazisogeza kuta mbali sana ili mambo yawe sawa. Matokeo yake walinzi wa nyuma walikuwa na malisho ya kukimbilia kama ng'ombe, na kila walipofika ulipo mpira walikuwa wanahema hawawezi kuuokota. Tena bwana yule aliipenda sana milima iliyoko magharibi. Akaacha pengo pana kwenye ukuta wa nyuma upande wa kushoto, akaweka wavu tu, ili watu waione milima wakiwa wameketi. Milima walikuwa nayo tangu wazaliwe. Kitu kipya walichokipata kupitia lile pengo ni upepo.

Siku ya ufunguzi matokeo yalifanana na ya mpira wa kikapu. Watu waliacha kushangilia mapema, wakawa wanafuata mipira kwa macho kimyakimya kama wanaotazama nyumba ya jirani ikiungua. Mpira mmoja ulitua kwenye lori la nyasi kavu lililokuwa likipita barabarani kuelekea Texas, na Eliseo anashikilia kwamba huo ndio uliopigwa mbali kuliko yote duniani, kwa kuwa haujasimama mpaka leo.

Mechi ilipoisha alimkuta Leandro kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa anavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Haupindi, mzee," alisema. "Nauambia pinda, haupindi."

Wiki iliyofuata alipewa nafasi nyingine, akatwangwa tena. Kocha wao, Hollis Pruett, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alimwita pembeni akamweleza bila kumzungusha kwamba Jumapili atarusha dhidi ya Llano Seco, na kwamba akipigwa tena namna ile, Jumatatu aje na sanduku la kubebea vitu vyake. Leandro alikwenda nyumbani akampigia simu kaka yake aliyeko kwenye visima vya mafuta huko Texas, kumwuliza kama ile kazi bado ipo. Ipo. Ramona akaanza kukunja nguo za mtoto.

Hapo ndipo Eliseo alipoingiwa na hofu ya kweli. Mjukuu wake Delfina alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kuning'inia kwenye masharubu ya babu, na hakuna kitu kingine kilichokuwa kinamfanya mzee huyo anyamaze kwa hiari yake. Akiondoka Leandro, anaondoka Ramona, na masharubu yanabaki hayana mwenyewe.

Sasa lazima nikueleze kazi ya Eliseo. Mpira mpya wa besiboli unateleza kama sabuni, kwa hiyo kabla ya mechi kuna mtu wa kuipaka mipira yote matope laini ya mtoni, kidogo tu, kwa mate na kiganja, mpaka uso wake ukwaruze. Kwa Kunguru mtu huyo alikuwa Eliseo. Aliipaka, akaitia kwenye mfuko wa turubai, akaukabidhi kwa mwamuzi, na kutoka hapo mipira ni ya mwamuzi. Timu zote mbili zinatumia hiyo hiyo.

Jumapili ile alikuwa ameinama kwenye ngazi za chini ya jukwaa anapaka tope, na kila mpira alioushika ulikuwa mkavu, mwepesi, kama mkate wa juzi. Akakumbuka stoo ya kule bondeni. Unyevu, alijisemea. Hii mipira ina kiu.

Hatua chache kutoka pale alipoketi, dada yake Cuca alikuwa na kibanda chake cha tamale. Cuca huchanganya unga wa mahindi na mafuta, huutia nyama ya nguruwe iliyolala kwenye pilipili, hufunga kila tonge kwenye ganda la hindi, kisha huyapanga wima kwenye sufuria la mvuke ambalo mtoto anaweza kuogea. Siku za kawaida hutumia pilipili mbichi za kijani. Jumapili, kwa heshima ya siku yenyewe, huweka zile nyekundu kali zilizokaushwa juani. Alikuwa ameenda kugombana na watu wa soda kuhusu barafu. Kifuniko kilikuwa kinacheza juu ya mvuke, tiki tiki tiki, kama kinamwita mtu kwa jina.

Eliseo aliangalia kushoto na kulia. Akafunua kifuniko, akautandaza mfuko mzima juu ya tamale, akafunika, akaketi juu ya ndoo akipiga mluzi. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mrushaji wa Llano Seco ni kijana wa nguvu, hategemei kupinda, kwa hiyo hatafaidi chochote. Leandro peke yake ndiye atakayepata mpira wake wa zamani. Mvuke si dawa wala si gundi. Mvuke ni maji, na hakuna kanuni inayokataza maji.

Cuca alirudi, akasimama, akanusa hewa.

"Wewe, unafanya nini hapo?"

"Nakulindia sufuria, dada. Siku hizi watu si wa kuaminika."

Cuca alimwambia aondoke maana anamharibia biashara kwa sura. Alipogeuka kuhesabu chenji, mfuko ulitoka ukiwa wa moto, umelowa, na Eliseo akaukimbiza kwa mwamuzi, Duane Ostrander, akimwelezea kwamba ameufua mfuko ule kwa sababu ulikuwa mchafu. Ostrander alizaliwa nyuma ya uwanja wa zamani, na alikuwa na mafua ya vumbi lile la mesani tangu ufunguzi. Aliufinya mpira mmoja, akaguna, akaupokea mfuko.

Mpira wa kwanza wa kupinda wa Leandro ulimjia mpigaji kifuani. Mpigaji alizungusha gongo. Mpira ukadondoka.

Uwanja mzima ulipigwa na butwaa. Watu walivuta pumzi wote kwa pamoja, sauti kama ya pazia linalochanika. Leandro mwenyewe alisimama amekodoa macho. Akarusha mwingine. Ukadondoka kwa adabu, palepale ulipokuwa unadondoka zamani. Mpigaji wa Llano Seco alirudi kwenye benchi akiligeuzageuza gongo lake, anatafuta tundu. Na waliofuata nao hivyo hivyo. Waliobahatika kuugusa mpira walisikika wakipiga kitu kama boga, pufu, ukabingirika kidogo ukafa. Kunguru nao wakija kupiga, pufu. Duru baada ya duru ubao wa matokeo ukabaki na sifuri pande zote mbili, kwenye uwanja ambao wiki iliyopita namba zilikuwa zimeisha. Pruett alikuwa ameacha kutafuna ubani wake. Eliseo, kule juu jukwaani, alikuwa ameshaanza kuwasimulia majirani jinsi hewa ya mesa inavyobadilika mwezi ukiwa mwembamba.

Kumbe Leandro ana tabia ya kulamba vidole.

Warushaji wengi wanayo. Analamba, anafuta kwenye suruali, anashika mpira. Jua lilipokuwa kali na jasho likamshuka, akafuta macho pia. Eliseo alimwona akisimama, akiinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Akafuta tena kwa vidole vile vile. Machozi yakaanza kumwagika mpaka kidevuni.

Kisha mdakaji naye akavua kinyago akaanza kulia. Mpigaji wa Llano Seco aliyekuwa ameuokota mpira mmoja kumrudishia Leandro alitembea hatua mbili akajishika uso. Mlinzi wa kituo cha kwanza alilia. Yule wa pili alimwendea kumwuliza ana nini, akapokezwa mpira, naye akalia. Huko majukwaani watu hawakuelewa wanachokiona. Wazee wengine walidhani vijana wameukumbuka uwanja wa zamani uliobomolewa, wakavua kofia. Mama mmoja akaanza wimbo wa kanisani, akaitikiwa.

Eliseo hakuvua kofia. Alikuwa amekumbuka ni Jumapili, siku ya pilipili nyekundu.

Ostrander alisimamisha mchezo. Akauchukua mpira, akaugeuza, akaufinya, akaupeleka puani, lakini pua ile ilikuwa imeziba. Akapiga chafya, akavuta tena. Akaganda. Halafu akatembea hadi kwenye kituta cha mrushaji na kumnyooshea Leandro kidole.

Hilo Eliseo hakuwa amelipiga hesabu hata kidogo. Mrushaji anayekamatwa na mpira uliochezewa hufukuzwa palepale, na jina lake huandikwa mahali ambapo halifutiki. Hatatimuliwa na Kunguru tu, hakuna timu itakayomgusa. Mzee alishuka zile ngazi kwa miguu ambayo daktari amemkataza kushukia ngazi, akafunguliwa lango na mlinzi aliyedhani amezidiwa, akafika katikati ya kiwanja akitweta. Leandro alikuwa anaapa kwa jina la mtoto wake kwamba hajui chochote, na jinsi alivyokuwa analia ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo.

Mzee akaanza kusema, na alisema sana. Alieleza kwamba mto una tope la aina mpya mwaka huu. Kwamba huko juu mtoni kuna shamba la pilipili lililosombwa na mafuriko. Pruett alimkumbusha kwamba hapajanyesha tangu majira ya baridi. Ndiyo, Eliseo akasema, ndiyo maana mafuriko yenyewe yalikuwa makavu, ya vumbi, na vumbi likaingia mtoni, na samaki wa huko sasa hivi hawahitaji kutiwa viungo. Kuna mtu alimkamata mmoja tayari amekaangika. Hadithi ilikuwa inapamba moto. Wachezaji wa Llano Seco walikuwa wamesogea kusikiliza huku wakipenga kamasi, na Ostrander naye alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayeanza kuamini. Akauinua mpira tena, akanusa, akamgeukia Eliseo taratibu.

"Nyekundu au kijani?" aliuliza.

Mtu wa nje hawezi kuelewa. Pale kwetu hilo la pilipili ndilo swali unaloulizwa kila unapokaa mezani, tangu huna meno mpaka yanapokuishia, na jibu halipitii kichwani. Mtu akiwa kwenye dawa ya usingizi hospitalini ukimwuliza atakujibu.

"Nyekundu," alisema Eliseo. "Jumapili Cuca hupika nyek…"

Akajisikia alichokisema. Akafunga mdomo kwa mkono, na mkono ule ndio ulioutoa mfuko kwenye sufuria, kwa hiyo naye akaanza kulia.

Upepo wa kwenye pengo ulisikika. Leandro alimtazama baba mkwe wake kwa yale macho mekundu, mdomo wazi.

"Wewe, mzee? Wewe ndiye uliyetaka kunimaliza?"

"Nilitaka ubaki," alisema Eliseo, na hilo lilikuwa fupi kuliko yote aliyowahi kusema hadharani.

Ostrander alikuwa kwenye hali ngumu. Mipira ilitoka kwenye mfuko wake mwenyewe, aliipokea kwa mikono yake, na kumfukuza Leandro kungekuwa kujifukuza na yeye. Aliamua hivi: mipira ile itupwe, iletwe mikavu kutoka kwenye maboksi, matokeo yabaki yalivyo, na mzee akae kwenye benchi mbele ya macho ya kila mtu asiguse hata maji ya kunywa. Kocha wa Llano Seco alitaka kupinga, ila alikuwa hawezi kuona karatasi yake ya kanuni.

Pruett alimwuliza Leandro kama anaweza kuendelea. Leandro alisema haoni vizuri, anamwona mdakaji kama gunia. Pruett alisema gunia linatosha.

Basi ikaja mipira mikavu, na Eliseo akajiinamia. Leandro, kwa kuwa hakuwa anaona, hakuthubutu kurusha kwa nguvu asije akamvunja mtu mbavu. Alirusha polepole. Mipira ya aibu, ya mtu anayemtupia bibi yake chungwa. Mpigaji wa kwanza aliona mate yakimjaa mdomoni, akazungusha mapema mno, kwa hamu, na mpira ukaenda juu sana upande wa kushoto. Eliseo alifumba macho. Alipofumbua, mpira ulikuwa umefika usawa wa pengo na umesimama. Umesimama angani. Upepo ulikuwa umeushika kama mtu anavyomshika mlevi mlangoni, ukausukuma nyuma, nyuma, mpaka mlinzi wa kushoto, aliyekuwa ameshakata tamaa na kukaa chini, akainyanyua glovu bila kusimama na mpira ukaingia.

Mpigaji aliyefuata, hivyo hivyo. Watu wa Llano Seco karibu wote walikuwa wa mkono wa kulia, na mtu wa mkono wa kulia akiuwahi mpira, lazima umwendee kushoto. Walikuwa wanauwahi wote, na wote walikuwa wanaupeleka kwenye lile pengo la kutazamia milima. Pruett alisimama kwenye benchi. Alitazama pengo, akamtazama Leandro, akatazama pengo tena, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta mlango ndani ya nyumba aliyoishi miaka yote. Walikuwa wameulaani upepo ule tangu ufunguzi, na kumbe alikuwa mlinzi wa kumi, juu ya wale tisa wao, wasiyemlipa.

Katika duru ya mwisho Kunguru mmoja wa mkono wa kushoto aliupiga mpira juu kulia, upande unakokwenda upepo, mpira wa kawaida tu, na ukapaa ukapitiliza viti, ukuta na maegesho ya magari. Moja kwa sifuri. Majukwaa yalichelewa kushangilia, watu walikuwa wanasubiri waambiwe kama walichokiona kimehesabiwa.

Pruett alimwambia Leandro Jumatatu aje na glovu yake, sanduku aliache nyumbani. Leandro aliketi karibu na Eliseo akiwa na taulo lililoloweshwa maziwa usoni ili kutuliza pilipili. Halafu akasema kwamba Ramona atazikunjua zile nguo leo leo, na kwamba habari ya sufuria hatampelekea Ramona yeye, mzee aende akaieleze mwenyewe kwa mdomo wake.

Eliseo alikuwa anatafuta njia ya kuieleza vizuri, pengine kwa kuweka simba wa mlimani pahala fulani, alipomwona dada yake anakuja. Cuca alikuwa amebeba sufuria lote, akilikokota juu ya nyasi ambazo haziruhusiwi kukanyagwa, na nyuma yake kulikuwa na foleni ya wateja wanaotema mate. Tope laini la mtoni, likipata mvuke, huwa linashuka.

Aliliweka sufuria mbele yake. Akafunua. Tamale zilikuwa zimesimama wima kama alivyozipanga, kila moja ina kofia ya kahawia.

"Dada, nikueleze," alianza Eliseo. "Kulikuwa na simba…"

Cuca alivuta ndoo, akaketi, akakunja mikono. Akasema amesharudisha pesa za watu, na kwamba haondoki pale mpaka Eliseo azile zote na kitako cha sufuria kionekane. Leandro aliondoa taulo kwenye jicho moja ili aone. Ostrander, aliyekuwa anaenda zake, akarudi.

Eliseo alichukua ya kwanza, akavua ganda, akatafuna. Ilisagika kwenye meno kama barabara ya changarawe. Akameza, akatazama pande zote kama kuna mtu wa kumhurumia, na alipoona hakuna, akanyoosha mkono kuchukua ya pili.